Daftari linasema imebaki 55,000, mfukoni hamna hata mia

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe huku Ilemela. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, na mimi nanunua dagaa mbichi mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia), naanika, napeleka kuuza Kirumba Mwaloni. Mwezi uliopita nilisema sasa basi, tumechoka kukopa, nikachukua daftari la mtoto nikaandika bajeti ya nyumba. Chakula 240,000 (yani 8,000 kwa siku), kodi ya nyumba 50,000, umeme 15,000, maji 10,000, shule 30,000, nauli 20,000, vocha 10,000, kikoba 20,000. Jumla 395,000. Kinachoingia, nikichanganya anacholeta baba na faida yangu, ni kama 450,000. Kwahiyo kwenye daftari inabaki 55,000 lakini mfukoni sina kitu, dukani nadaiwa, na kila wavuvi wakirudi ziwani inabidi nichukue mkopo wa kausha damu 100,000 nirudishe 130,000 ili nipate hela ya kununulia ndoo za dagaa. Mume ananiuliza hela zinaenda wapi na mimi kusema ukweli sijui. Naomba unisaidie kabla hatujagombana.

Mama wa Watatu, Igombe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikapiga hesabu zako upya kwenye karatasi yangu na jumla yako iko sawa kabisa, na kwa ulivyoandika wewe sio mtapanyaji, hilo nataka mumeo nae alisome hapa hapa mwanzoni.

Ila kuna kitu kwenye orodha sijakiona. Unapikia nini? Mkaa haupo. Nyumba ya watu watano inapika asubuhi, mchana na jioni na mkaa haukuandikwa, na najua kwanini, ni kwasababu unanunuliwa kimfuko kimoja kimoja na mtoto anatumwa na 1,500 mkononi, hela inatoka kabla hujaiona kama ni hela. Hiyo 1,500 kwa siku 30 ni 45,000. Umeona 55,000 yako ilipokwenda? Imebaki 10,000, alafu hujaandika sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka, dawa ya meno, pedi, viberiti, panadol ya usiku wa manane. Tuweke 25,000 kwa vyote. Riba ya kausha damu nayo ni matumizi, 30,000, iandike kama ulivyoandika kodi. Sasa jumla inafika 495,000 na kinachoingia ni 450,000. Pengo ni 45,000, na naamini ukienda kwa mwenye duka ukamwomba mfunue daftari lake mtaikuta imekaa humo.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ndio imenifanya nikuandikie kwa urefu, maana naona wake wengi wa wavuvi kuanzia Igombe, Kayenze mpaka visiwani wanaumia hapo hapo.

Wewe umeandika bajeti ya mwezi wa kalenda, wakati nyumba yako inakula kwa mwezi wa juu. Dagaa anafuata taa, unalijua hilo kuliko mimi, kukiwa na giza taa inamvuta, mbalamwezi ikitoka taa haina kazi na mitumbwi inapandishwa mwaloni siku kama 10 hivi. Kwahiyo 450,000 yako haiji kwa siku 30, inakuja kwa siku kama 20 za giza, na zile 10 nyingine hakiingii kitu lakini watoto wanakula vile vile. Wanakula nini? Wanakula mtaji wako mwanangu. Ule uliotakiwa ununulie ndoo za giza linalofuata umeishia kwenye unga na kimfuko cha mkaa, alafu giza likirudi unakimbilia kausha damu. Hela haijaibiwa, imeliwa mbalamwezi.

Na huu mwezi wa juu una siku 29 na nusu, yani kila mwezi mbalamwezi inarudi nyuma kidogo kwenye kalenda, kwa mwaka mzima zinafika kama siku 11. Ndio maana unaweza kukuta mwaka jana tarehe ya kodi ilikuwa inaangukia katikati ya giza mkilipa bila shida, mwaka huu tarehe ile ile imeangukia mbalamwezi na mnaonekana kwa mwenye nyumba kama mmebadilika tabia.

Sasa fanya hivi. Usigawe kwa siku 30, gawa kwa usiku 20 wa giza. 450,000 kwa 20 ni 22,500 kila siku ya kazi. Kabla ya kitu chochote toa 8,000 ambayo sio ya leo: 4,000 ni chakula cha mbalamwezi (mara 20 ni 80,000, ndio zile siku 10 za 8,000), 2,500 ni kodi ya nyumba, 1,500 ni shule. Inabaki 14,500. Toa 8,000 ya chakula cha leo, inabaki 6,500, na humo ndio unatoa mkaa 1,500, sabuni na hivyo vidogo 1,250, umeme 750, maji 500, nauli 1,000, vocha 500, kikoba 1,000. Inaisha yote, hakuna cha juu, sitakudanganya. Na imetosha kwasababu nimefuta riba na nimeshusha mkaa toka 45,000 mpaka 30,000 (1,500 mara 20, na wa mbalamwezi umo humo), hayo mawili ndio kazi yako ya giza linalokuja.

Najua ziwani hakuna usiku wa wastani. Kuna siku upepo unachafua ziwa mtumbwi unarudi mtupu, na kuna siku mnapata mpaka ndoo za kuazima. Siku iliyojibu weka za siku mbili, 16,000, usiseme leo tule vizuri kwanza. Mimi ningetumia kibubu cha mbao cha kupigilia misumari na sio simu, maana hela ikiwa kwenye simu kuitoa ni dakika moja na makato juu, na ukiwa na mtu wa kukuomba hela atakuomba tu.

Alafu hiyo 80,000 ya mbalamwezi usiitunze ikiwa hela. Ikifika nusu, nenda kanunue chakula chenyewe: debe la mahindi mkasage dona, maharage, mchele kiasi, dumu dogo la mafuta, sukari. Kwa jumla utapata bei ya chini kuliko robo robo za dukani, na hapo ndipo utapata akiba yako ya kwanza, hata kama ni 7,000 au 10,000, iandike. Ndani ya nyumba chakula cha mbalamwezi kikae chombo chake, ndoo yenye mfuniko, na watoto wajue ile haiguswi mpaka baba yao atakapolala nyumbani usiku. Mavuno yakianza huku kwetu na mahindi yakishuka bei, nunua zaidi ya debe moja hata kama itabidi uahirishe kitu kingine.

Mkaa nao: tafuta jirani mchange gunia mgawane nusu kwa nusu, na maharage yaloweke usiku kucha, yachemshe mengi kwa mara moja ya siku mbili tatu, kila siku unaunga tu kidogo. Kuchemsha maharage makavu kila siku ndio kunamaliza mkaa, jiko linakaa motoni mchana mzima kwa sufuria moja.

Mtaji. Hapa naomba unisikilize sana. Laki moja ya ndoo sio hela ya nyumba na haitakiwi kulala karibu na jiko. Njia nzuri kwako naona ni kuuacha mtaji uwe dagaa. Mwisho wa giza usiuze zote, bakiza viroba viwili vya zile zilizokauka vizuri kwenye chanja, hazina mchanga, zihifadhi pakavu juu ya mbao zisiguse sakafu, alafu peleka Kirumba katikati ya mbalamwezi wakati mzigo umepungua sokoni. Bei ya siku zile unaijua mwenyewe. Ukirudi na ile hela giza linakaribia, unanunua ndoo moja kwa moja, haipiti dukani. Ila kipindi cha mvua usifanye hivi, dagaa iliyonyeshewa inageuka chakula cha kuku na bei yake inakuwa ya kuku, kwahiyo masika uza mapema na tegemea kununua ndoo chache, na bajeti ya miezi hiyo iandike ndogo tangu mwanzo.

Kwa giza hili la kwanza ambapo bado huna mtaji, kopa kwenye kikoba chako, unachangia 20,000 kila mwezi na unaenda kukopa kwa watu wa nje! Riba ya kikoba kwa kawaida ni ndogo na mkivunja mwisho wa mwaka inarudi kwenu wenyewe. Rudisha kwa magiza mawili.

Hiyo 30,000 ya shule nayo sio ya kila mwezi kwa kweli. Ada shule za serikali ilishafutwa, lakini sare, viatu, madaftari na michango vinakuja pamoja Januari. Miezi ambayo hawajadai iache kwenye kibubu, usiseme imebaki.

Kuhusu baba: mwalike kwenye hesabu, lakini usimwalike wakati wa giza akiwa amerudi asubuhi macho mekundu anataka kulala. Subiri jioni ya kwanza ya mbalamwezi, yuko nyumbani, nyavu zimeanikwa, watoto wamekula. Fungueni kibubu pamoja, yeye ahesabu wewe uandike. Aandike na yeye mgao wake wa kila usiku baada ya tajiri wa mtumbwi kutoa mafuta na gharama zake, na anachotumia kule kambini, chai, sigara kama anavuta, vocha. Usimuulize kwa kumkamata. Swali lake la hela zinaenda wapi ni zuri na mtalijibu wawili.

SWALI

Shangazi mambo, samahani, shikamoo. Mimi nimeajiriwa, naishi Buhongwa na mke na mtoto mmoja. Mshahara unanitosha ila niko kwenye magrupu manne ya harusi na sendoff, kila moja wanataka 50,000 kwenda juu, na misiba pia. Mke ananiambia nijitoe kwenye magrupu, naona aibu. Nifanyeje?

Kijana wa Buhongwa

JIBU

Marahaba. Usijitoe, watu ndio hao hao watakaokuja kwako siku ya shida, hasa kwenye misiba. Ila michango ni kama kodi ya nyumba, lazima iwe na mstari wake kwenye bajeti na iwe na mwisho. Kaa na mkeo mpange kiasi cha mwaka mzima, tuseme 360,000, yani 30,000 kwa mwezi, na theluthi yake, 120,000, iwekeni pembeni kwa misiba tu maana msiba hautoi kadi. Inabaki 240,000 ya sherehe. Ndugu wa damu wape kikubwa, mfanyakazi mwenzio wa ghorofa nyingine mpe 10,000 na mkono wa pongezi.

Kinachowaumiza wengi ni kuahidi. Mtu anaandika 100,000 kwenye grupu mbele ya watu kwasababu aliyemtangulia kaandika 100,000, alafu siku ya kikao cha mwisho anakopa. Wewe usiahidi, tuma. Mwandikie mwenyekiti kwa pembeni, "kaka nimetuma 20,000, ndio uwezo wangu kwa sasa, nawaombea heri", mapema kabla hawajaanza kukupigia. Na mkeo aione hiyo meseji, nadhani kelele zake nyingi zinatoka hapo, anasikia michango yenu kwa watu wengine.