Lebo inasema 1721, fundi anasema feki, nimwambie kaka?

"Shangazi shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia fidla aliyokuwa anaipiga tangu tukiwa wadogo. Ukichungulia ndani kuna karatasi imeandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721, na baba alikuwa anatuambia hii imetengenezwa kwa mkono na fundi mkubwa, tusiichezee. Kaka yangu kashaanza kukopa hela za watu, anasema tukiiuza tu shida zimeisha. Mimi niliipeleka kimyakimya kwa fundi mmoja, akaiangalia kama dakika mbili, akacheka, akasema ni feki haina thamani yoyote, ila nikitaka niiache palepale atanipa hela kidogo. Nikarudi nayo. Kaka hajui chochote, na mimi usiku silali nawaza kumbe baba alitudanganya maisha yote. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Naanza na baba maana naona ndipo panapokuuma zaidi.

Baba yako hakukudanganya. Stradivari, huyo mwenye jina kwenye lebo, alikuwa fundi maarufu wa fidla wa mji wa Cremona kule Italia, alifariki 1737, na vyombo vyake vilivyobaki duniani ni kama 650 hivi, karibu vyote vinajulikana kimoja kimoja viko kwa nani. Sasa karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa ya 20 kulikuwa na miji mizima inatengeneza fidla za kuuza kwa wingi, Markneukirchen kule Ujerumani, Mirecourt Ufaransa, na ndani wanabandika lebo ya Stradivari, au ya mafundi wengine wakubwa wa Cremona, Amati au Guarneri, yaani kuonyesha tu kwamba umbo limefuata la fundi fulani. Wanunuzi wengi wa wakati ule walielewa, ila fidla ikisharithiwa mara mbili tatu maelezo yanapotea njiani, inabaki karatasi peke yake. Baba aliisoma karatasi kama wewe ulivyoisoma. Na hilo la kutengenezwa kwa mkono linaweza kuwa kweli kabisa, maana hata huko Markneukirchen kazi ilikuwa ya mikono, huyu anachonga vichwa tu, yule anachonga migongo, mwingine anaunganisha.

Haya, tuje kwa huyo fundi, hapa nilisoma barua yako mara mbili. Mtu anakwambia kitu hakina thamani, halafu hapohapo anataka kukinunua? Umefanya vizuri sana kurudi nayo. Simwiti mwizi, simjui, lakini anayetaka kununua kitu asiwe yeye anayekipangia bei, hilo naomba ulishike. Na dakika mbili zinatosha kusema lebo si ya kweli, hazitoshi kusema fidla ni ya nani. Kuna Mfaransa anaitwa Vuillaume, alifariki 1875, sifa yake kubwa ilikuwa kukopi Stradivari, na leo hizo kopi zake zenyewe watu wanazitafuta kwa hela nyingi! Sisemi yako ni ya Vuillaume, usije ukaniambia nimekupa matumaini, nyingi kweli ni za biashara za kawaida. Nasema tu lebo ya uongo haikuambii chombo kizima ni takataka.

Ichukue ukae nayo mchana kwenye mwanga. Ule mstari mweusi unaozunguka ukingoni, angalia kama ni mbao nyembamba zilizochomekwa au umechorwa tu kwa rangi, maana wa kuchorwa mara nyingi ni wa bei rahisi. Chungulia lebo tena, kama chini kuna jina la nchi limechapwa basi hiyo 1721 isahau, hayo yalizoeleka baada ya Marekani kudai kuanzia 1891 kila bidhaa inayoingia kwao iandikwe ilikotoka. Halafu tafuta mthamini anayejitegemea, mtu wa fidla za zamani hasa, anayelipwa kwa kuangalia na siyo kwa kununua, na akupe maandishi. Kama mbao inaonekana ya zamani kweli wanaweza kupima zile pete za mti, haziwaambii nani alichonga ila zinawaambia mti haukukatwa kabla ya mwaka gani, na hapo uongo mwingi unaishia. Mpaka siku hiyo usiifute na chochote zaidi ya kitambaa kikavu, usipake vanishi, ufa ukiuona usiweke gundi ya dukani, fidla zinagundishwa kwa gundi ya ngozi ili fundi aweze kuifungua siku za mbele bila kuvunja mbao. Na nyuzi usizilegeze zote kwa mpigo, ndani kuna kijiti kimesimama kwa mgandamizo tu, Wataliano wanakiita anima yaani roho, kikianguka sauti nayo imekwenda.

Sasa kaka. Mwambie leo, usisubiri mthamini. Naelewa unaogopa kumvunja moyo, labda kasoma habari za ile Stradivari inayoitwa Lady Blunt, nayo ya 1721, iliyouzwa 2011 kwa dola milioni 15.9, na akaona mwaka ni uleule akapiga hesabu. Lakini kila siku unayonyamaza anakopa juu ya kitu ambacho hakipo, na akija kujua ulikuwa unajua hatakasirikia lebo, atakukasirikia wewe. Muite mkae wawili, fidla iwe mezani, anza na kosa lako, "nilienda kwa fundi bila kukwambia, naomba unisamehe", ndiyo umweleze alichosema na alichotaka kununua. Mpe na yeye achungulie kwa macho yake. Mkubaliane mthamini mnamlipa pamoja na mnaenda wote, na yeye asikope tena hata senti mpaka maandishi ya mthamini yatoke.

Na mkiwa hapo mwonyeshe pale begani upande wa kulia ambapo vanishi imeisha mbao imebaki wazi, karibu kila fidla iliyopigwa sana inapo, ndipo kiganja kinapoegemea ukipanda kwenye noti za juu. Hapo pana mkono wa baba yenu miaka yote hiyo, na mthamini hata aseme nini hapo pameshathibitika. Niandikie mkishaongea.