Kabla hujauita mwarobaini, tazama jani zima (kwa mwenye mti wa Nzuguni)

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kiwanja kipo Nzuguni, hapa Dodoma, mti umejiotea nyuma ya jiko, mvua ya pili hii na tayari umeupita ukuta. Fundi wako kasema ni mwarobaini, jirani kasema mjohoro, shemeji yako kashikilia kuwa ni mlonge, na wewe unataka kujua uukate au uuache. Ila kilichonifanya nikae kuandika usiku huu ni yale maneno yako ya mwisho, kwamba mama ameshaanza kuchuma majani ya kuchemsha. Tafadhali mwambie asubiri kwanza.

Nilipohamia Veyula nilikuta mti uani wenye majani kama hayo unayoyaeleza. Aliyeniuzia kiwanja aliniambia ni mwarobaini, nami nikaupokea hivyo hivyo. Kivuli chake kilikuwa kizuri, na kivuli hapa kwetu mwezi wa kumi ni mali, kwa hiyo sikuuliza zaidi. Ulipofika Julai ukapukutisha majani yote, yakabaki matunda ya njano yananing'inia kwa vishada kwenye matawi makavu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mwarobaini haupendi kubaki uchi. Hupukutika ukame ukizidi sana, na hauchelewi kuchipua tena.

Mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, alikuwa anayachezea matunda hayo kama gololi. Jioni akaanza kutapika, akaharisha, kisha miguu ikawa haina nguvu, akisimama anayumba. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza amekula nini. Nikajibu: matunda ya mwarobaini. Akaniuliza tena, taratibu: "Una hakika ni mwarobaini?" Sikuwa na jibu. Akanituma nirudi nyumbani nikalete tawi. Nililibeba na kishada chake, saa nne usiku, mkono unatetemeka. Mtoto alilazwa siku mbili akatoka mzima, namshukuru Mungu. Mti ule haukuwa mwarobaini. Ulikuwa mmelia, ambao wataalamu wanauita Melia azedarach, na matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe vilevile.

Miti hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja, ule ule wa mkangazi, ndiyo maana inafanana. Hata mabingwa wa elimu ya mimea walipata shida nayo: Linnaeus mwaka 1753 aliiweka yote miwili chini ya jina Melia, na ni mwaka 1830 ndipo Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini na kuupa jina lake la sasa, Azadirachta indica. Yote miwili imetoka Asia. Yote miwili ni michungu pia, kwa hiyo anayekwambia "onja, ukiona uchungu ni mwarobaini" anakupotosha, tena kwa hatari. Usionje mti usioujua.

Sasa njoo kwenye jani, maana jibu lako karibu lote liko hapo. Wengi wetu tukichuma kile kipande kidogo cha kijani tunadhani tumechuma jani, kumbe tumechuma kijani kimoja (jani dogo, si rangi) kati ya vingi vinavyounda jani moja. Ili ujue jani linaanzia wapi, fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka kinapokutana na tawi lenye ngozi ya mti. Angalia pale kwapani. Ukiona kichipukizi kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti au pungufu yake, basi hapo ndipo jani linapoanzia, na vyote vilivyo mbele ya hapo ni jani moja. Kijani kidogo hakina kichipukizi kwapani pake. Mimi hili nilifundishwa na daktari yule yule, akiwa ameshika tawi langu chini ya taa ya wodini, na sijalisahau.

Ukishalipata jani zima, litandaze juu ya gazeti uangalie uti wa katikati. Kwa mwarobaini, uti ni mmoja tu, na vijani vimepangwa kushoto na kulia kama mbavu za samaki. Kila kijani kimejipinda kama mundu, kingo zake zina meno ya msumeno, na kitako chake hakiko sawa, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Kwa mmelia, uti mkuu unatoa viuti vya pembeni, na vijani vimekaa kwenye hivyo viuti. Jani limegawanyika mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Hiyo ndiyo alama kuu. Kijani kimoja kimoja cha mmelia nacho kina meno, kwa hiyo ukikichuma peke yake utadanganyika, kama nilivyodanganyika mimi miaka yote ile.

Mlonge nao jani lake limegawanyika mara mbili au tatu, ila vijani vyake ni vidogo, vya duara kama kucha ya mtoto, kingo laini bila meno. Ukizaa utaona maganda marefu yanayoning'inia, yenye pembe tatu. Mjohoro ni rahisi zaidi: uti mmoja, vijani vyenye kingo laini, vimekaa kwa jozi mpaka mwisho bila kijani cha peke yake kwenye ncha, maua ya njano na maganda bapa. Kwa maelezo yako ya "meno meno pembeni", shemeji na jirani yako wote wawili nawaondoa. Wamebaki mwarobaini na mmelia.

Ukipata maua, ubishi unaisha. Ya mwarobaini ni meupe, yana harufu ya asali. Ya mmelia yana rangi ya zambarau iliyopauka, na katikati kuna mrija wa zambarau iliyokolea. Matunda pia: la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni, la mmelia ni la mviringo. Limenye lile la mmelia (vaa glavu au tumia mfuko wa nailoni) utakuta kokwa gumu lenye migongo, na katikati lina kitundu cha asili. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu wametunga makokwa hayo kuwa shanga za rozari.

Kuhusu simu: nimejaribu PlantNet na Google Lens, programu zinazotambua mmea kwa picha, kwenye mti wangu ule ule. Nilipopiga picha ya vijani vya karibu karibu, nikaambiwa mwarobaini. Nilipotandaza jani zima kwenye gazeti, nikaambiwa mmelia. Programu haina kosa, inajibu kile ulichoionyesha.

Na usiwasahau wazee. Nilimwita mzee wa jirani, Mgogo wa hapa hapa, anayejua miti ya porini kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Nikamwamkia "mbukwenyi", akauzunguka mti, akagusa gome, akavunja kijitawi, akanusa. Mkungugu angekutajia kwa mbali, mbuyu ana majina ya sehemu zake zote. Huu akasema, "Mwanangu, huu hauna jina kwetu." Wakati ule nilidhani hajanisaidia. Baadaye nikaelewa amenipa nusu ya jibu: mti usio na jina kwa mzee kama yule umeletwa, na hapo orodha ya kutafuta inapungua sana, unabaki na miti ya bustani, ya vitalu na ya kandokando ya barabara. Ndege na popo ndio wanaoila mbegu na kuziangusha nyuma ya majiko yetu.

Ukitaka uhakika wa mwisho, kausha tawi lenye majani pamoja na maua au matunda: kati ya magazeti, juu yake tofali, ubadilishe magazeti kila siku. Kwa ukavu wa Dodoma siku chache zinatosha. Andika tarehe, mahali, urefu wa mti na rangi ya ua, maana rangi hupotea likikauka. Arusha kuna herbaria ya taifa ambako mimea mikavu ya nchi hii imehifadhiwa na wataalamu wake wanalinganisha. Tawi lisilo na ua wala tunda huwapa kazi ngumu, kwa hiyo kuwa na subira mpaka msimu.

Kwa mama: hata ukithibitika kuwa mwarobaini, homa ipimwe kwanza zahanati, na ikiwa malaria, ameze dawa mseto. Na mafuta ya mwarobaini asimnyweshe mtoto mdogo kabisa. Yamewahi kuwadhuru watoto vibaya.

Kukata au kutokata, subiri jani. Mimi wangu niliukata kwa sababu nyumba yangu ina watoto wadogo, na kisiki kilichipua mara mbili kabla hakijakoma, kwa hiyo jiandae kurudi na panga. Ungekuwa na ua usio na mtoto wala nguruwe ningekwambia uuache, kivuli chake ni cha kweli. Mahali pake nimepanda mwarobaini kwa mbegu mbichi, kwa sababu mbegu zake hazikai, ukizichelewesha hazioti.

Kesho asubuhi chuma jani moja zima kuanzia kwapani, lilaze kwenye gazeti na kibiriti pembeni tuone ukubwa, piga picha mbele na nyuma, kisha moja ya kwapa lenyewe kwa karibu. Ziweke hapa, nitaziangalia nikitoka kazini. Na matunda kama yapo chini, yafagiwe leo leo.