Kabla hujanunua sensa ya oksijeni

Ndugu, kama mashine ya kusoma hitilafu za gari imeonyesha P0135 na gari linabugia mafuta, usikimbilie dukani. Namba hiyo inalalamikia hita iliyo ndani ya sensa ya oksijeni ya mbele (sensa hupima oksijeni kwenye moshi), ile iliyo kabla ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, na wakati mwingine ni fyuzi tu. Fyuzi ikiwa nzima, fuata waya wa sensa. Mimi niliwahi kuukuta umelalia bomba la moshi, plastiki imeyeyuka, shaba inang'aa nje! Waya ukiwa salama, chomoa plagi upime hita kwa mita ya umeme. Kwa kawaida ni zile nyaya mbili za rangi moja. Ikisoma ohm chache (kipimo cha ukinzani wa umeme), hita ni nzima. Isiposoma kitu, imekatika, badilisha sensa. Sensa ya zamani ifungue wakati injini ni vuguvugu, na ncha ya sensa mpya isiguswe na grisi.