Mwenye hadithi ya Will Smith na mbwa wake
Kaka, uliyeuliza kama aliyeandika "I Am Legend" ana kazi nyingine: ni Richard Matheson. Riwaya ni ya 1954, filamu ya Will Smith ikaja 2007. Ila mimi nakwambia anza na filamu yake "Duel" ya 1971. Hadithi yake, skripti yake, Steven Spielberg akiwa bado kijana akaiongoza kwa ajili ya televisheni. Lori tu linamwinda mtu kwenye gari dogo, na uso wa dereva wa lori huuoni! Sisi wa Mbeya tunaopanda mlima Kitonga tumebanwa na malori ya mpakani Tunduma, hiyo haihitaji mkalimani. Matheson aliandikia pia mfululizo wa televisheni "The Twilight Zone" vipindi kadhaa, kikiwemo cha 1963, abiria anaona dude juu ya bawa la ndege.