Daktari, tukimwaga vifaranga ziwani ngege atarudi?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni katibu wa grupu ya wavuvi huku upande wa Nyakach, Ziwa Victoria, tuko watu 34. Wazee wanatuambia zamani hapa samaki aina ya ngege walikuwa wengi mpaka mtu anachagua, lakini saa hii unatega neti usiku kucha asubuhi unatoa watatu. Kuna jamaa amekuja na pikapu, anasema ako na vifaranga 20,000 vya ngege wa asili, shilingi 8 kila kimoja, tumwage ziwani na baada ya miezi 8 tunavuna. Tumeshampa diposti. Sasa tunauliza, tumwage msimu gani ndio wasikufe?

JIBU: Katibu, msimwage msimu wowote. Simamisha hiyo kitu leo kabla hata ya kumaliza kusoma, halafu urudi nikueleze.

Hili swali napata kila mara, leo ni Nyakach, mwezi uliopita ilikuwa upande wa Usenge, kabla ya hapo Sio Port, na hadithi ni ileile, pikapu, matangi ya plastiki, na hilo neno "asili". Inaniuma kwa sababu pesa ni za watu waliokesha majini kuzitafuta.

Kwanza niambie, ngege yupi? Yule mnayemwita ngege hapo bichi, na yule mama wa Dunga anayemkaanga, karibu wote ni nyamami, yaani tilapia wa Nile. Nyamami si wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950. Ngege mwenyewe, yule wa hadithi za wazee wenu, wataalamu wanamwita Oreochromis esculentus na nyumbani kwake duniani kote ni hapa tu, Victoria, Kyoga na viziwa vya jirani. Mwangalie mkia, nyamami ana mistari imesimama wima imejaa mkia mzima, ngege hana. Lakini hata hapo usijiamini sana, kwa sababu hawa wawili wanazaana, na mtoto wao anaweza kufanana na yeyote kati ya wazazi wake, na hapo jicho halitoshi hata langu.

Sasa huyo jamaa alikuonyesha wazazi wa hivyo vifaranga? Nina hakika hapana. Vifaranga vinavyouzwa kwa hacheri zetu nyingi, yale mashamba ya kutotolesha samaki, ni nyamami, tena mara nyingi wamelishwa homoni kwenye chakula wiki 3 au 4 za mwanzo ili wote wawe madume, kwa sababu mfugaji wa kidimbwi hataki wazaane, anataka wanenepe. Kwa kidimbwi ni sawa kabisa, sina ugomvi na hacheri. Lakini wewe unataka kurudisha samaki ziwani, utarudishaje kizazi na madume matupu? Utakuwa umenunua kitoweo cha mbuta (sangara), mumi (kambare) na ndege mnandi kwa shilingi 160,000.

Na hata angekuwa na ngege wa kweli, damu safi, dume na jike, bado ningekwambia hapana. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, na si wavuvi peke yao, nimeketi mikutano na watu wakubwa wenye suti wakishangilia ndoo za vifaranga zikimwagwa mbele ya kamera. Watu wanafikiri ngege aliisha kwa sababu mbegu ilikosekana. Ziwa halikukosa mbegu! Ngege jike anabeba mayai mdomoni, mia kadhaa, anakaa nayo bila kula mpaka watoto watoke, na wakitoka bado wanamkimbilia wanaingia tena mdomoni wakiona hatari. Samaki anayelea hivyo, ukimwachia mahali pa kuzalia atajaza ghuba mwenyewe bila pikapu. Lakini ukimkamata huyo mama mmoja na mono, ile neti ya uzi mmoja wa plastiki, pale kwenye maji ya magoti, umekamata ukoo mzima.

Na hii tumeijua zamani mno. Neti za kutega ziliingia hapa ghuba yetu ya Winam 1905, na ndani ya miaka kama 20 ngege walikuwa wanapungua mpaka serikali ya mkoloni ikaleta mtaalamu, Michael Graham, akapima ziwa 1927 na 1928, akasema macho ya neti yasipungue inchi 5 ili samaki apate kuzaa kwanza. Ikawekwa sheria, halafu miaka ya 1950 na mwanzo wa 60 nchi zetu tatu zikaiondoa kwa sababu inchi 5 haikuwa inaleta kitu tena. Badala ya kumwacha samaki apumue, tukashusha macho ya neti tumfuate mtoto! Kwa hivyo ukisikia mtu analaumu mbuta peke yake ujue anaruka nusu ya hadithi, mbuta alijaa ziwani miaka ya 80 na ngege alikuwa ameshaanguka. Mbuta alimkuta mgonjwa, na nyamami alikuwa ameshamchukulia mazalio na kuzaa naye.

Alafu kuna maji yenyewe. Ngege anachuja mwani mdogo sana wa majini, na aina aliyokuwa anaitegemea imepungua, badala yake tuna ule utando wa kijani unaonuka ukifika Kisumu wakati wa joto, unalishwa na mbolea na udongo unaoletwa na mto Nyando na maji taka ya miji yetu. Ghuba ni ya kina kifupi, uchafu ukiingia hauna haraka ya kutoka. Sasa unamchukua kifaranga wa kidimbwi, hajawahi kuona adui, amezoea kutupiwa chakula, unamtupa hapo.

Lakini kinachonikosesha usingizi kabisa si pesa zenu, mnisamehe, ni Kanyaboli. Pale Siaya, nyuma ya mafunjo ya Yala, kuna ziwa dogo ambalo mbuta hakulifikia, na ngege wa kweli amebaki mle, pamoja na mbiru, ndugu yake wa asili. Hiyo ndiyo benki yetu. Siku yoyote tukitaka kumrudisha ngege kwa njia ya maana tutaanzia kwa hao. Na hizi pikapu hazichagui, leo ziko Nyakach kesho ziko Kanyaboli, mtu anamwaga nyamami mle akidhani anasaidia, baada ya vizazi vichache damu imechanganyika, na damu ikichanganyika hakuna daktari wa kuichambua tena. Mbuta angalau unaweza kumvua. Kwa hivyo yeyote anayesoma hapa, awe grupu, awe shule, awe kanisa, awe mheshimiwa anayetafuta picha, kumwaga samaki kwenye maji ya umma kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, na usimwage samaki usiyemjua wazazi wake, hata kumi, hata kwa nia safi.

Nyinyi mfanye nini basi? Mkae na BMU yenu, ile kamati ya usimamizi wa bichi, mchague kona moja, ile yenye mafunjo na maji mafupi ambapo mnaona mashimo ya samaki chini, muifunge. Isiwe kwa mdomo, wekeni maboya na zamu ya ulinzi, na yule wa kwanza kushikwa na mono au na wavu wa kukokota asisamehewe kwa sababu ni shemeji ya mwenyekiti. Acheni kukata mafunjo hapo. Kwa hilo peke yake ngege hatarudi, nisikudanganye, lakini nyamami atakayezalia pale atakuwa mkubwa, na kama kuna ningu na fwani, wale samaki wanaopanda mto mvua ikianza, muwaachie mdomo wa mto wazi zile wiki za kwanza za mvua. Ningu aliisha hivyo hivyo, neti zikiwekwa mlangoni wakati yuko na mayai.

Diposti mdai. Mwambie umekataa mpaka uone wazazi wa vifaranga na kibali. Na hao watatu mnaowatoa asubuhi, mmoja akiwa hana mistari kwenye mkia, mkate kipande cha pezi, mkitie kwenye kichupa cha spiriti kali, muandike siku na mahali, mkimbie nacho kwa KMFRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kisumu wakipime. Huyo nataka kumjua.