Vitabu vya elimu ya batini: nilivyoanza vibaya, na kilichonirudisha nyumbani

Kaka yangu alifariki mwezi wa Ramadhani. Arobaini ilipopita nikaanza kutafuta vitabu ambavyo maishani sikuwahi kuvigusa: theosofia (mafundisho ya karne ya 19 yanayodai kwamba dini zote zina hekima moja ya siri), elimu za siri, habari za roho baada ya kifo. Nilitaka jambo moja tu, kujua yuko wapi na kama kuna njia ya kusema naye.

Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi wanaoniuliza waanzie kitabu gani, nikikaa nao kidogo, nakuta kuna msiba nyuma ya swali. Mwingine kafiwa na mzazi, mwingine ndoa imevunjika, mwingine kapoteza kazi na anataka kuelewa kwa nini yeye. Basi ushauri wangu wa kwanza hauhusu kitabu. Chukua karatasi uandike umepoteza nini, halafu karatasi hiyo iweke ndani ya kitabu utakachokifungua. Mimi sikufanya hivyo, na ilinigharimu.

Nilianza na The Secret Doctrine ya Helena Blavatsky, mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya wanatheosofia. Niliikuta kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, juzuu mbili zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1888 na kina kurasa karibu 1,500. Mwandishi anafafanua beti anazosema zimetoka katika kitabu cha kale sana, Kitabu cha Dzyan, ambacho wataalamu hawajawahi kukiona. Kila ukurasa una maneno ya Kisanskriti, Kiebrania na Kigiriki, pamoja na mabishano na wanasayansi wa karne ya 19 ambao wengi wao leo hawakumbukwi. Nilisoma kama kurasa sitini usiku kucha na sikuelewa kitu. Kosa langu kubwa ni kwamba kutoelewa kule nilikuchukulia kuwa ndiyo dalili ya kina. Nilidhani nimeukaribia mlango.

Mtu aliye katika hali hiyo ni rahisi kuibiwa. Kwenye nguzo ya umeme karibu na kituo cha daladala palibandikwa tangazo lenye namba ya simu: utajiri, Frimasoni, kuonana na marehemu. Nilipiga. Nilituma pesa mara tatu, kwanza ya usajili, kisha ya ubani, mwisho ya joho. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Mke wangu sikumwambia kwa mwaka mzima. Wewe unayesoma hapa na una namba kama hiyo mfukoni, ifute sasa. Vitabu vya zamani vya elimu hii haki zake za uchapishaji zimekwisha muda, vinapatikana bure kwenye intaneti, na hakuna hata ukurasa mmojawapo utakaokuomba nauli.

Kilichonipa nafuu ni kitabu kingine cha Blavatsky huyohuyo, The Key to Theosophy, cha mwaka 1889. Kimeandikwa kwa maswali na majibu: mtu anauliza, mwanatheosofia anajibu. Lugha yake inafuatika, na kama unataka kujua theosofia ni nini, anzia hapo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye maswali kuhusu wafu. Muulizaji anauliza lile nililokuwa nauliza mimi, na jibu linakuja bila kuzungushwa: roho za waliokufa, isipokuwa kwa nadra sana, hazirudi kuzungumza na walio hai. Kinachojitokeza kwenye vikao vya kuita wafu, kwa mafundisho yake, mara nyingi ni makapi tu yaliyoachwa nyuma, na mwenyewe hayumo.

Nililia. Lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyeambiwa ukweli na daktari.

Neno hilo lina uzito zaidi ukijua limetoka kwa nani. Blavatsky, aliyezaliwa mwaka 1831 katika mji ambao leo ni Dnipro, Ukraina, alikutana na mwenzake Henry Steel Olcott mwaka 1874 kwenye nyumba ya shamba huko Vermont, Marekani, ambako watu walimiminika kutazama vikao vya mizimu. Mwaka uliofuata, wao na William Quan Judge pamoja na wengine wachache walianzisha Jumuiya ya Kitheosofia mjini New York. Yaani alizijua shughuli zile kwa ndani, akawaonya wafuasi wake wasizikimbilie.

Msome pia pamoja na lawama zake, wala usizifiche. Mwaka 1885 jumuiya ya Uingereza iliyochunguza mambo ya kiroho ilichapisha ripoti ya Richard Hodgson, iliyomtangaza kuwa mlaghai. Mwaka 1986 jarida la jumuiya hiyohiyo likachapisha makala ya Vernon Harrison, akionyesha kasoro kubwa za ripoti ile. Wengine walimshutumu kwa kunakili waandishi bila kuwataja. Mimi siamini kwamba barua zilizodaiwa kutoka kwa walimu wake wa siri, mabwana wa Tibet, zilidondoka darini kwa muujiza. Na bado yako maneno ya mwanamke huyu yaliyonisaidia kuliko ya watu wasio na doa. Nimejifunza kuishi na mambo hayo mawili kwa pamoja, na sidhani kuna namna nyingine ya uaminifu ya kumsoma.

Kuna jambo zito zaidi kwetu sisi, nami sitalipitia juujuu. Juzuu ya pili ya The Secret Doctrine inaeleza historia ya wanadamu kwa mfululizo wa mataifa makuu, yaani mbari za watu, na humo zimo sehemu zinazowaweka Waafrika, wenyeji wa Australia na watu wa visiwa vya Pasifiki kwenye daraja la chini la akili. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa nje barazani. Hii ni jumuiya ambayo lengo lake la kwanza lililoandikwa ni udugu wa wanadamu wote bila kubagua taifa, dini, jinsia, tabaka wala rangi! Wapo watakaokwambia kwamba alimaanisha roho, si miili, au kwamba zama zile kila mtu aliandika hivyo. Usikubali kufarijiwa haraka. Soma sehemu hizo, ziite kwa jina lake, kwamba ni makosa na ni dharau, kisha uamue mwenyewe ubaki na nini. Mimi nadharia yote ya mataifa niliiacha. Udugu nikaushika, kwa sababu wao wenyewe waliuandika kuwa ndio shabaha yao ya kwanza, na kwa kipimo hicho hicho kurasa zile zinaanguka.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote vyake ni chembamba, The Voice of the Silence, nacho ni cha mwaka 1889. Kina sehemu tatu. Humo hakuna mabishano na mtu. Ni maneno ya mwalimu kwa mwanafunzi, mafupi, yenye mwendo unaokaribia wa utenzi. William James, mwanafalsafa wa Marekani, aliyanukuu katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh kuhusu mang'amuzi ya dini, iliyochapishwa mwaka 1902. Usikisome kwa siku moja. Mimi husoma mistari mitatu baada ya sala ya alfajiri, kwa sauti, kisha nakifunika.

Sehemu ya pili inaeleza njia mbili. Mmoja anafika kwenye mlango wa kupumzika milele, anaingia, anapumzika. Mwingine anafika mlango uleule, anageuka na kurudi kwa ajili ya waliobaki njiani. Nilipoisoma nilimkumbuka kaka. Alikuwa wa kwanza darasani kwao. Mwaka ambao baba aliumia mguu hapakuwa na ada ya watoto wawili, naye akaacha shule akaenda kuvua ili mimi niendelee. Hakuwahi kulitaja jambo lile, hata tukigombana. Miezi kadhaa nilikuwa nikimtafuta kwenye beti za Dzyan na kwa mtu wa simu, na habari yake nimeikuta hapa, kwenye kurasa ambazo hazikuahidi kunikutanisha naye.

Tangu hapo napima kila kitabu cha aina hii kwa swali moja: kinanipeleka wapi nikikifunga? Gandhi alipokuwa mwanafunzi wa sheria London, ndugu wawili wanatheosofia walimwomba asome nao Bhagavad Gita, wao wakiitumia tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Aliona haya, kwa kuwa hakuwahi kuisoma kwa Kisanskriti wala kwa lugha yake, Kigujarati. Baadaye akasoma The Key to Theosophy, na kwa maelezo yake mwenyewe ndicho kilichomtia hamu ya kusoma vitabu vya Uhindu. Wageni walimrudisha kwao.

Nami nilirudi kwetu. Babu alikuwa mfuasi wa tarika ya Kadiriya, mojawapo ya njia za masufi, watu wa elimu ya batini katika Uislamu, na nilikua nikisikia dhikri kila usiku wa kuamkia Ijumaa bila kuuliza ina maana gani. Nikamsoma Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, akawa mwalimu mkuu Baghdad, na mwaka 1095 ulimi ukamgoma mbele ya wanafunzi wake hata akaiacha kazi. Anasimulia kwamba vitabu vya masufi alivimaliza, akaona kilichobaki hakipatikani kwa kusikia bali kwa kuonja. Kuijua maana ya afya ni jambo moja, kuwa mzima ni jingine. Kisha nikasoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi anayeuita moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, yalivyokuwa magofu. Hicho nakipendekeza kwa kila msomaji wa Kiswahili wa dini yoyote, hasa mwenye msiba. Kama wewe ni Mkristo, watafute Yohane wa Msalaba na Teresa wa Avila, watakatifu wa Hispania walioandika juu ya sala ya ndani, kabla hujavuka bahari kwenda kutafuta Tibet.

Zile juzuu mbili bado ninazo, zimefungwa kwa kamba ileile, na karatasi yenye jina la kaka nimeichomeka kati yake. Kaburi lake liko nyuma ya msikiti wa kijijini kwetu, Tanga. Nikiwa huko hwenda Ijumaa baada ya alasiri, nikasoma Yasini, nikang'oa majani yaliyoota pembeni, nikakaa kimya mpaka watoto wa madrasa wanapotoka.