Maswali na majibu: "let" inayozuia

*Pasipoti yangu ya Uingereza inaomba nipite "without let or hindrance". Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba "let" ni kuruhusu. Mbona naombewa nipite bila ruhusa? (Msomaji, Leicester)*

Hukufundishwa vibaya, ndugu yangu. "Let" ya hapo ni nomino, tena ni neno jingine kabisa: maana yake ni kizuizi, sawa na "hindrance" inayofuata. Wanasheria wa Kiingereza walipenda kupanga maneno mawili ya maana moja, na mazoea hayo ndiyo yaliyolihifadhi neno hili la kale.

*Neno moja linawezaje kuruhusu na kuzuia? (Mwalimu, Morogoro)*

Hayakuwa moja, mwalimu. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita Kiingereza kilikuwa na "lætan", kuachia au kuruhusu, na "lettan", kuzuia. Hili la pili lina undugu na "late": ukimzuia mtu, umemchelewesha. Miisho ikamomonyoka, yote mawili yakabaki "let". Sisi tuna kaa wa baharini na kaa la moto, lakini ngeli hutuokoa: kaa huyu, kaa hili. Wao hawakuwa na ngeli ya kuwaokoa, na ile ya kuzuia ikazidi kupotea.

*Kwenye funzo la Biblia kijana alisoma King James, 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth will let", akasema yupo anayeruhusu uovu. Ni sahihi? (Mlezi wa vijana, Kisumu)*

Hapana, mama, ila mrekebishe kwa upole, maana kosa si lake. Tafsiri ile ni ya 1611, wakati "let" ya kuzuia ilikuwa hai. Mfungulie Biblia ya Kiswahili mstari huohuo: "yuko azuiaye". Kisha mpeleke Isaya 43:13, "who shall let it?", yaani ni nani atakayezuia.

Zama hizohizo, katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, rafiki za Hamlet wanamshika asiufuate mzuka wa baba yake. Hamlet anaapa kwamba mtu yeyote "that lets me", yaani atakayemzuia, atamuua awe mzuka naye. Hapo maana unaiona kwa macho: mikono imemkamata, naye anajinasua.

Neno usilolijua hukusimamisha, ukafungua kamusi. Hili linakupitisha ukiwa na uhakika wako wote, na ndiyo maana nalihofia kuliko maneno magumu.

*Kwenye tenisi mwamuzi husema "let" au "net"? (Kijana, Arusha)*

"Let". Mpira wa kuanzisha umegusa wavu, ukaangukia ndani ya eneo lake. Wavu umeuzuia njiani, basi unarudiwa. Tenisi ya mezani nayo ni hivyohivyo.

*Na "to let" kwenye kibao cha nyumba? (Mpangaji, Nairobi)*

Hiyo ni ile ya kuruhusu. Mwenye nyumba anakuachia uitumie, wewe unalipa kodi.

*Naweza kuiandika "let" ya kuzuia kwenye insha ya mtihani? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Usiiandike, mwanangu. Msahihishaji ataelewa kinyume na ulichokusudia. Andika "prevent".